Uzoefu wangu: walisema dola 5 kwa mwezi kutoa uchafu, nikajikuta niko nalipa zaidi ya 11 (Bukavu)

Nianze na feza juu njo kitu watu wote wananiulizaka kwanza. Karatasi ya abonema (unalipa kampuni ya kubeba uchafu kila mwezi) ilisema dola 5 kwa mwezi, wanapita mara mbili kwa juma, mardi na vandredi asubuhi, unatoa mufuko wako wanabeba, basi. Nikasaini na roho safi kabisa. Mwezi wa kwanza ulipoisha nikakaa na kalamu nikapiga hesabu ya kila franga iliyotoka mfukoni juu ya uchafu tu, nikafika dola 11 na kidogo. Hakuna mutu aliniiba. Kila kitu kilikuwa kwenye ile karatasi, shida ni neno moja sikulisoma vizuri: "barabarani".

Wanachukua uchafu barabarani. Sasa mutu wa Bukavu anajua ile maana yake. Mi nakaa Kadutu, kartie Cimpunda, nyumba yetu iko chini, kamioni inapita juu, na katikati kuko ngazi 86. Nimezihesabu. Zingine ni za sima, zingine ni udongo umechongwa na jembe, na kuko fasi moja ngazi zenyewe ni mifuko ya mchanga watu wa kartie walipanga kisha udongo kuporomoka. Wakati wa mvua pale unapanda ukishika ukuta wa jirani. Mufuko wa uchafu wa kilo 30 hivi haupandi wenyewe.

Kwa hiyo inabidi kulipa kijana wa kuupandisha. Bei yao kwetu ni franga 1500 mufuko moja, kiangazi unaweza kubishana mpaka 1000, lakini kuanzia mwezi wa 9 mvua ikirudi hawasikilize tena, na nawaelewa, mufuko umelowa maji, njia inateleza, mi mwenyewe sikubali kwa ile bei. Mifuko 8 kwa mwezi mara 1500 ni 12000. Ile wakati dola ilikuwa karibu 2800, kwa hiyo hapo tu ni dola 4 na zaidi. Kisha kuko mufuko wenyewe! Hii hakuna mutu aliniambia. Wale wa kamioni wanatupa yote ndani, uchafu na mufuko wake, hawakurudishie. Sako ya muchele iliyotumika kwetu ni franga 800. Mara 8, 6400. Jumlisha sasa uone kama nadanganya.

Kabla ya abonema tulikuwa tunafanya aje? Nitasema ukweli juu hapa hakuna mutu ananijua. Tulikuwa tunangojaka mvua. Mvua kubwa ikianza, utasikia milango inafunguka avenyi nzima, kila mutu anatoka na beseni lake, anamwaga kwenye mufereji, maji inabeba, tunarudi ndani kama hatukufanya kitu. Mama yangu alifanya vile, na mi nilifanya vile mpaka juzi juzi. Kisha unamwona jirani wa chini asubuhi anatoa pampasi ya mutoto wa mutu mwingine mbele ya mulango wake na hasemi kitu juu yeye pia alimwagia mwenye kukaa chini yake. Wa mwisho chini kabisa ni ziwa.

Na ziwa halikae na ule uchafu. Ziwa Kivu linatokea hapa hapa Bukavu, maji inaingia Ruzizi, na chupa zetu zote zinafuata njia ile ile mpaka kwenye baraji ya umeme ya Ruzizi I, ile ya wakati ya Wabelgiji. Plastiki inajaa pale mbele ya mashine, wafanyakazi wanaitoa tani kwa tani, na mashine ikiziba inabidi kuizima kwanza waisafishe. Yaani ile usiku umeme unakatika tunaanza kutukana, kunaweza kuwa na sashe yangu (kamufuko ka plastiki) ndani ya ile habari. Ng'ambo pale Rusizi, Rwanda walikatazaka sashe tangu 2008, ukivuka nayo wanakunyang'anya kwenye mpaka. Kwetu pia kuko dekre (amri ya serikali) ya mwisho wa 2017 inazikataza, lakini uende sokoni Kadutu ununue nyanya ya 500 uone utapewa ndani ya nini.

Basi, kilichonifanya nitafute watu wa kazi kweli hakikuwa baraji. Ilikuwa kijana mmoja. Alikuwa anachukua mufuko kwa franga 500 tu, mpaka kuutupa, bei ya kupendeza. Miezi miwili nilikuwa namsifu kwa kila mutu. Siku moja nilirudi mapema, mvua ikiwa imeanza, nikamuona na macho yangu kwenye kona ya kwanza, hata mita 50 kutoka kwangu hazifike, anainamisha mufuko kwenye ravini (korongo). Niliujua mufuko juu ulikuwa umefungwa na kitambaa cha shati langu la zamani. Tukaangaliana. Akaniambia, "Yaya, kwa 500 ulifikiri nitafika nao wapi?" Sikupata jibu mpaka leo.

Turudi kwa hii kampuni. Jina sitaje, si kwa ubaya, ni kampuni ndogo ya vijana na sitaki mutu aende kuwasumbua. Mazuri yao: wanapita kweli. Ndani ya miezi 7 walikosa mara 4, mara mbili juu ya njia kuharibika na mara mbili bila sababu yoyote niliyoambiwa. Wako na filimbi, wanapiga karibu saa moja kasoro, na uko na dakika kumi hivi. Ukichelewa kamioni imeenda, mufuko wako unabaki barabarani, mbwa wanaupasua, na shefu wa avenyi anajua ni wa nani. Hiyo nilishalipa amende (faini) ya franga 5000 kwa hiyo filimbi, haiko kwenye hesabu ya juu. Vijana wenyewe wako na heshima, lakini gloves walikuwa nazo wawili kati ya watano, na hii inaniumiza kila nikiwaona. Nikiwapa nota, 6 juu ya 10. Wangekuwa wanarudisha mifuko ningewapa 7.

Sasa sehemu ambayo ni kosa langu. Sisi tunapikia makala (mkaa) kama watu wengi hapa, na majivu ilikuwa inaingia ndani ya mufuko pamoja na maganda. Vandredi moja nilimwaga majivu ya asubuhi nikafunga haraka juu filimbi ilikuwa imelia. Kijana akabeba mgongoni, akafika kama kwenye ngazi ya 40, nikasikia anapiga kelele anautupa. Sako ilikuwa imeyeyuka upande moja, shimo kama sahani, na shati lake limeshikana nayo. Ndani kulikuwa na kaa moja bado jekundu, dogo kama njugu. Alipata malengelenge mgongoni. Nikampeleka kwenye santé ya karibu, dawa na shati ikawa franga 22000, na bado siku hizi akipita ananiuliza mbele ya watu, "Leo iko baridi?" Niko na haki ya kuchekwa. Tangu ile siku majivu inalala nje usiku mzima ndani ya kopo la mafuta, kisha inaenda kwenye shamba ndogo ya ndizi nyuma ya nyumba.

Na hapo njo niliona kitu ambacho kingenipunguzia feza tangu mwanzo. Majivu ilipotoka, mufuko ulipungua uzito. Nikajiuliza ni nini kingine kiko ndani. Nikaumwaga kwenye turubai (mke wangu alitoka nje ya nyumba akasema nimerukwa akili), nikatenga na fimbo. Maganda ya ndizi, maganda ya mihogo, mabua ya sombe, majani ya mahindi, karibu yote ilikuwa chakula. Kile tunachoita uchafu, yaani sashe, pampasi, chupa zilizovunjika, viatu, kilikuwa kirundo kidogo pembeni. Mi nilikuwa nalipa mutu apandishe maji ya maganda ngazi 86.

Mama jirani anafuga simbiliki (vinyama vidogo vya kula, kama sungura), nafikiri kila nyumba ya tatu kwetu iko nazo. Sasa mutoto wake anapita kila jioni na beseni anachukua maganda na majani, bure, na Noeli alituletea mbili zimechunwa tayari. Mifuko ikashuka kutoka 8 mpaka 3 kwa mwezi. Nikapiga hesabu tena: dola 5 ya abonema, 4500 ya kupandisha, na mifuko nimeandika jina letu na rangi nyekundu, nimeongea na mukubwa wa kamioni, anaimwaga na kunirushia, hata kama moja kwa tatu inapotea. Niko karibu dola 7. Abonema yenyewe wamekataa kabisa kupunguza, nilijaribu kusema natoa mufuko kidogo, wakaniambia mafuta ya kamioni ni ile ile nikiwa na mufuko moja au kumi. Hapo wako na haki bana.

Kuko habari ingine ya kutoa vitu vikubwa, hii iko mbali kabisa na abonema. Muzee wa mke wangu aliacha depo moja imejaa: matelasi tatu zimelowa, mabati ya kutu, makochi, vipande vya matofali, frigo ya zamani isiyo na moteri. Abonema haichukue hivyo. Wakaja kuangalia, wakasema dola 60 kwa kamioni ndogo, safari moja. Tukabishana mpaka 45. Lakini 45 ilikuwa kamioni na shofere tu! Wapakizaji wanne kila mutu franga 7000, na kwa sababu hata ile depo haiko kwenye barabara, wakaongeza. Mwisho ilikuwa dola 58. Ukisikia bei ya kamioni, uliza pale pale "na wenye kupakiza je, na kushusha kule je?" Mi sikuuliza ya kushusha, nikalipa tena 5000 pale mwisho shofere akiwa amekunja mikono anangoja.

Kitu kimoja nilikifanya vizuri: kabla hawajaja niliita wenye kununua vyuma. Frigo na mabati vilienda nao, wakanipa franga 31000. Matelasi moja kijana wa kupakiza aliiomba, akasema ataianika. Vile kamioni ikabaki na fasi, tukaweka matofali yote ndani, bila ile ningehitaji safari ya pili.

Na niliingia kwenye kabini kwenda nao. Walishangaa, shofere akaniuliza kama siwaamini. Nikamwambia nilishakuwaka na kijana wa 500. Akacheka, tukaenda. Tulifika nje ya mji kwa mutu mwenye kiwanja chake kiko kwenye bonde, anataka kulijaza apate kujenga. Matofali pale nilielewa. Makochi na matelasi pale chini ya nyumba ya mutu kesho, hapo nilikaa kimya, na kusema ukweli sijui kama nililipa dola 58 kuondoa uchafu ao kuuhamisha tu. Lakini angalau haukuwa ravini yetu.

Watu wa Goma wananiambiaka eti sisi tuko na bahati, kwao chini ni mawe ya volkano, huwezi hata kuchimba shimo la maganda. Kweli. Ila kwao puspusi (mukokoteni) inaingia mpaka mulangoni. Kila mutu na mulima wake.

Kwa mwenye kukaa kando ya barabara, mfano Nyawera ao pale Essence, chukua abonema na macho yamefungwa, kwako dola 5 ni dola 5. Kwa sisi wa ngazi, hesabu kwanza ngazi zako. Na kama kuko mutu ako na sako za muchele ama za unga zilizotumika, zisizo na shimo, mi niko natafuta kama 10 hivi, kwa 500 moja nakuja kuchukua mwenyewe. 800 sitoe tena.