Boti ya Paraa kwenda Murchison: shukeni, msibaki kwenye boti

Jamani hii safari ya boti kutoka Paraa kwenda maporomoko ya Murchison, Uganda, nimeipenda mno, viboko mnawapita karibu kabisa na mamba unamuona kaachama mchangani, ila utamu wenyewe ni kushuka chini ya maporomoko mkapanda kwa miguu na ranja (askari wa hifadhi) mpaka juu, kama saa moja hivi, pale Nile inajibana kwenye upenyo wa mita 7 tu na mwamba unatetemeka chini ya miguu. Vaeni raba zenye kushika, ndala hapana, mawe yameloa yanateleza. Nguo nyeusi na bluu acheni, mbung'o wanazifuata. Na dereva aambiwe mapema awasubiri juu, wetu kampuni ilisahau kumwambia tukakaa juani na watoto mpaka maji ya kunywa yakaisha, iliniuma sana.