Kamera ya mtumba kwa milioni moja na laki mbili: angalia fangasi kabla ya kitu kingine

Malalamiko ya vijana walioanza kupiga picha za sendofu, harusi na kipaimara yanafanana mno. Kamera ni ya mtumba, imenunuliwa Kariakoo au kwa mtu mtandaoni, na siku ya kuijaribu ilipiga vizuri. Ukumbini picha si mbaya. Bibi harusi akisimama mbele ya dirisha, picha nzima inapauka, suti nyeusi inakuwa ya kijivu, na kila taa inazungukwa na duara la mwanga. Mwenye kamera anadhani hajui kuseti. Anabadilisha ISO (kiwango cha kamera kupokea mwanga), anabadilisha mwendo wa shata (kipazia kinachofunguka kupiga picha), anakesha YouTube akitafuta mafunzo. Tatizo liko ndani ya lenzi, na jina lake ni fangasi.

Ndiyo maana sianzi na megapikseli. Kamera ya megapikseli 18 inatoa picha ya pikseli 5184 kwa 3456. Ukiichapa kwa inchi 12 kwa 18 bado unabaki na pikseli 288 kwa kila inchi, na mteja wa albamu hahitaji zaidi ya hapo. Bajeti ninayoizungumzia ni shilingi milioni moja na laki mbili kwa kila kitu: bodi (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi, betri ya akiba, memori kadi na sanduku la kuhifadhia. Kwa kiasi hicho unanunua mtumba, na mtumba uliokaa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa umekula unyevu wa pwani kwa miaka.

Fangasi inavyoingia na inavyoharibu

Mbegu za fangasi zimo hewani kila mahali, hata ndani ya lenzi mpya. Zinasubiri unyevu, giza na hewa isiyozunguka. Unyevu ukipita asilimia 60 na kukaa hapo kwa wiki kadhaa, zinaota. Masika yote ya pwani iko juu ya kiwango hicho, na kamera iliyofungiwa kwenye begi la kitambaa ndani ya kabati ina kila kitu fangasi inachotaka. Begi la ngozi ni baya zaidi, kwa sababu ngozi yenyewe inashika unyevu na kuota ukungu.

Inaota juu ya kioo, mara nyingi ndani, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki. Inapokua inatoa asidi, na asidi hiyo inakula ile rangi nyembamba ya zambarau au kijani iliyopakwa juu ya kioo ili kuzuia mwanga usiakisiwe. Fundi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta fangasi yote, lakini pale rangi ilipoliwa alama inabaki milele. Kwa lenzi ndogo ya zumu ya milimita 18-55, gharama ya fundi inakaribia bei ya lenzi nyingine. Kwa hiyo usikubali punguzo la bei kwa lenzi ya namna hii. Iache.

Jinsi ya kuikagua, hatua kwa hatua

Toka kwenye taa kali za duka, simama kivulini. Vua lenzi kwenye bodi, ondoa vifuniko vyote viwili. Kama ina kioo cha kulindia mbele, kile kinachofungwa kwa kuzungusha, kitoe pia. Kuna wauzaji wanaokiacha makusudi kwa sababu kinachanganya macho.

Hakikisha apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, limefunguka lote. Lenzi ya Canon EF ikivuliwa inakaa wazi yenyewe. Ya Nikon inafanya kinyume: ikivuliwa, tundu linajifunga. Tafuta kijiti kidogo cha chuma upande wa nyuma, kisukume kwa ukucha na ukishikilie wakati unatazama. Wengi wanakagua lenzi ya Nikon tundu likiwa limefungwa, wanaona kidoa kidogo cha katikati tu, wanaridhika.

Sasa washa tochi ya simu. Usiielekeze jichoni moja kwa moja kupitia lenzi; iweke nyuma ya lenzi kwa pembe, mwanga upite mshazari, nawe utazame kutoka upande wa pili kwa umbali wa sentimita 20 hivi. Zungusha lenzi taratibu. Kama ni ya zumu, itazame ikiwa 18, kisha 35, kisha 55, maana vioo vya ndani vinasogea na kinachojificha mahali pamoja kitaonekana mahali pengine. Geuza, rudia upande wa pili.

Fangasi ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazoanzia ukingoni na kugawanyika kama mizizi ya mche. Vumbi ni nukta zilizojitenga, hazina matawi, na nukta chache ndani ya lenzi ya zamani hazina madhara. Kuna pia utando, kioo kizima kinapoonekana kama kimepumuliwa. Huu unatokana na mvuke wa grisi ya ndani na unapausha picha sawasawa na fangasi. Ukiona viraka vyenye rangi za upinde wa mvua ukingoni, gundi inayounganisha vioo viwili imeachia, na hilo halitengenezeki mtaani.

Muuzaji atakwambia, "Hiyo vumbi tu, bosi, kwenye picha haionekani." Mjibu kwa jaribio. Rudisha lenzi kwenye kamera, fungua tundu mpaka mwisho, piga picha ya mtu akiwa na dirisha au taa kali nyuma yake. Kisha piga picha hiyo hiyo kwa lenzi nyingine ya dukani iliyo safi. Tazama weusi wa nywele katika picha zote mbili.

Chungulia pia kioo cha kutazamia na kile kilichoko ndani ya bodi. Fangasi ya hapo haiingii kwenye picha, lakini inakuambia kamera ilihifadhiwa vipi. Mwisho, weka apacha f/16 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), vuruga fokasi, piga ukuta mweupe au anga. Vidoa vya mviringo ni vumbi la sensa, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya bodi; linasafishika. Vijistari vyenye matawi ni fangasi juu ya sensa. Hapo aga uondoke.

Bodi yenyewe, kwa kifupi

Piga mfululizo kwa mwendo wa shata wa 1/4000 ya sekunde ukielekea anga. Ukingo mmoja ukitoka na mkanda mweusi, shata imechoka. Nikon inaandika idadi ya mipigo ndani ya picha yenyewe, hivyo chukua faili kutoka kwenye kadi moja kwa moja. Iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imeshafutwa taarifa hizo. Canon nyingi zinahitaji waya wa USB na programu ya kompyuta. Namba ya faili, ile ya IMG_0312, si ushahidi wa chochote. Inarudi mwanzo ikipita 9999, na mwenye kamera anaweza kuirudisha kwa sekunde kumi.

Nizipangavyo

Sifichi kwamba napendelea Canon. Sababu ni za mtaani: lenzi za EF za mtumba ni nyingi, mafundi wanazijua, na siku lenzi yako ikikataa katikati ya harusi, mwenzako wa pembeni ana uwezekano mkubwa wa kuwa na inayoingia kwenye bodi yako.

*Ya kwanza: Canon 70D.* Ilitoka 2013, megapikseli 20, na ndiyo iliyoanzisha ile fokasi ya video inayomfuata mtu bila kuhangaika. Kwa anayepiga picha na video za sherehe peke yake, hiyo pekee inatosha kuiweka juu. Ina sehemu ya kuchomeka maikrofoni. Shata yake imekadiriwa mipigo 100,000. Betri ni LP-E6, inapiga takriban picha 900 kwa chaji moja, na kwenye menyu kuna ukurasa wa hali ya betri: visanduku vitatu vya kijani ni betri nzima, kimoja chekundu ni ya kutupa. Kama ukurasa huo hauonyeshi chochote, umepewa betri bandia. Fungua skrini ya pembeni, izungushe yote. Ikipepesa, waya wake wa ndani unakatika.

*Ya pili: Canon 700D.* Ni ndogo, ya bei nafuu kuliko 70D, megapikseli 18, ina maikrofoni na skrini ya kugusa. Betri yake, LP-E8, inapiga takriban nusu ya ile ya 70D, kwa hiyo weka betri mbili kwenye hesabu. Jua pia majina yake: Kiss X7i ni 700D ya Japani, Rebel T5i ni 700D ya Marekani. Ni mashine ile ile. Anayekuuzia T5i kwa bei ya juu akidai ni "toleo la Marekani" anakuibia.

*Ya tatu: Nikon D7100.* Kwa picha peke yake ningeiweka sawa na 70D. Ina megapikseli 24, nafasi mbili za kadi, na mota ya fokasi ndani ya bodi, hivyo lenzi za zamani za AF-D zinafanya kazi. D3200 na D5200 hazina mota hiyo. Lenzi ya AF-D ukiiweka huko unazungusha fokasi kwa mkono. Kwenye video D7100 inafokasi polepole, na ndiyo maana iko hapa.

*Ya nne, kwa tahadhari: Canon 5D Mark II.* Sensa kubwa, picha za watu nzuri mno mpaka leo. Ila ilitoka 2008, na nyingi zilizoko sokoni zimefanya kazi za studio mchana na usiku. Video inakatika kila baada ya dakika 12 hivi. Inatumia kadi za CF. Chungulia tundu la kadi kwa tochi, sindano moja ikipinda hiyo kamera ina kesi. Lenzi za EF-S, zile za bodi zenye sensa ndogo kama 18-55, haziingii kabisa. Mara nyingi inauzwa na 24-105 f/4 L ya kwanza, ambayo ina ugonjwa unaojulikana: mkanda wa ndani wa kuendesha apacha hukatika. Ukipiga kwa f/4 utaona mambo shwari. Weka f/8 kwenye urefu wote wa zumu. Skrini ikileta ujumbe wa hitilafu Err 01, ndiyo hiyo.

Za chini ya hapo sina mengi. 600D inafaa kujifunzia, video yake nayo inakatika. 2000D na 4000D zinavutia kwa sababu ni mpya kwenye boksi, lakini hazina tundu la maikrofoni wala pini ya katikati ya kiatu cha flashi (sehemu ya juu ya kamera inapovalishwa flashi), hivyo flashi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo haziwaki. Sony za soko la Japani, menyu ni Kijapani tu.

Chochote utakachochagua katika Canon, badala ya lenzi kubwa ya zumu yenye fangasi, nunua 50mm f/1.8 STM iliyo safi. Inapitisha mwanga karibu mara kumi ya 18-55 iliyovutwa mpaka mwisho, na ukumbi wa sherehe ni giza. STM ina pete ya chuma upande wa nyuma. Ile ya 1990 ni plastiki, na haistahili bei ya STM.

Siku ya kwanza nyumbani

Usirudishe kamera kwenye begi. Nunua sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, weka silika jeli robo kilo na kipimo cha unyevu. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Usishushe chini ya 30, grisi na mpira vitakauka. Chembe za silika zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele hausaidii, unaacha unga kwenye lenzi. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera kwenye begi lililofungwa nusu saa, la sivyo kioo kitatoa jasho ndani.

Wauzaji

Kinachoniudhi kuliko bei ni ile "full set". Mnunuzi anaongezewa begi, kistendi kinachotikisika, kioo cha kulindia na kadi ya GB 64, bei inapanda, na betri halisi imeshatolewa na kuuzwa pembeni. Begi hilo la kitambaa ndilo litakalootesha fangasi. Kadi ijaze yote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi. Kadi bandia inajitangaza GB 64 na kuanza kupoteza picha ikifika GB 8 au 16. Hebu fikiria ni picha za nani zinazopotea: za ndoa ya mtu, ambayo hairudiwi.

Na wale wanaokataa lenzi isivuliwe, "ukifungua umenunua", wanajua kilichomo. Hakuna sababu ya haki ya kumzuia mtu anayetoa milioni kutazama ndani ya kioo kwa dakika tano. Mwenye duka mwaminifu atakushikia tochi. Kwa huyo dai risiti ya EFD yenye namba ya bodi na ya lenzi, na aandike kwa mkono siku saba za kujaribu. Namba iliyokwanguliwa chini ya kamera ina maana moja, kuna mtu aliibiwa, na polisi wakiifuata watamkuta nayo aliyeinunua.