Nashona lesi ya avata kwa GIMP: uzoefu wangu kutoka Moshi

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Majengo hapa Moshi. Usiku wateja wakishaondoka nashona tena, ila nguo za usiku zinavaliwa na avata, yaani mtu wa kuchorwa anayemwakilisha mtumiaji, ndani ya Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani. Nilianza kwa uchungu kidogo. Nilitaka kumfunika avata wangu shuka, na mashuka niliyoyakuta kwenye maduka ya humo yalikuwa vitambaa vyekundu vya mistari, ncha zimekatwa kama kwa wembe. Shuka ninalojifunika mimi asubuhi za Julai lina matamvua pande mbili. Nikasema nitalitengeneza mwenyewe.

Programu niliyotumia ni GIMP, ya kuchora na kuhariri picha. Ni ya bure kabisa, huombwi namba ya kadi wala huwekewi muda wa majaribio, na kwenye laptopu yangu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inafanya kazi bila kukwama, mradi nisifungue picha kubwa kupita kiasi. Kuipakua ndiko kulikokula bando, kwa hiyo nilisubiri la usiku.

Matamvua yalinitesa wiki nzima. Tekscha, yaani picha inayobandikwa juu ya umbo la nguo ya avata, ni picha bapa tu, na mwanya kati ya uzi na uzi unapatikana kwa chaneli ya nne, ile ya alfa, inayokaa pamoja na nyekundu, kijani na bluu. Kila pikseli, ile nukta ndogo ya picha, ina namba ya alfa kuanzia 0 hadi 255: 0 haionekani kabisa, 255 imeziba. Nililitandaza shuka juu ya shiti jeupe, nikapiga picha, nikaufuta ule weupe kwenye GIMP. Kwenye skrini ikapendeza. Nilipoipandisha Second Life na kumvalisha avata, kila uzi ulikuwa na ukingo mweupe, kama mtu kaupaka chokaa.

Sababu niliielewa baadaye, na ningependa kila anayeanza aijue mapema. Pikseli iliyofutwa haipotezi rangi yake, inafichwa tu. Kadi ya picha ya kompyuta inapochora nguo kwa mbali huchanganya pikseli za jirani, na ule weupe uliofichwa unachuruzika hadi kwenye uzi mwekundu. Isitoshe, pikseli za ukingoni kwenye picha yangu zilikuwa tayari nusu nyekundu nusu nyeupe tangu kwenye kamera. Kufuta hakukuweza kuondoa hilo.

Dawa yake ni kutofuta kitu. Sasa nachukua leya, yaani tabaka moja la picha, na kuijaza rangi ya kitambaa kona hadi kona, hata mahali pasipotakiwa kuonekana, kisha naongeza maski ya leya na kuchora umbo la matamvua humo: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha. Uwazi unakaa kwenye maski, na rangi chini yake ni nyekundu tupu. Wakati wa kutoa faili la PNG kuna kisanduku cha kuhifadhi rangi za pikseli zisizoonekana. Kiwekee alama. Usipokiwekea, rangi uliyoijaza kwa bidii chini ya maski inaondolewa na unarudi kwenye kingo chafu. Hiki ndicho kitu ambacho GIMP ingekiweka mahali pa wazi zaidi, maana mtu mgeni hawezi kujua maana yake, na ile miraba ya kijivu inayoonyesha uwazi haikuonyeshi hitilafu yenyewe mpaka nguo ivaliwe.

Lesi ndiyo iliyonifanya nipende kazi hii. Nilinunua pazia la lesi la mtumba soko la Memorial, nikalibana kwa pini juu ya kitambaa cheusi barazani, saa nne asubuhi kabla jua halijapiga moja kwa moja, nikapiga picha kwa simu. Picha hiyo sikuifanya nguo. Niliigeuza iwe nyeusi na nyeupe, nikaiongezea tofauti ya mwanga na giza kwa kifaa cha Levels mpaka matundu yakawa meusi tii na nyuzi zikawa nyeupe, kisha nikaibandika yote ndani ya maski. Chini nikajaza rangi ya maziwa. Basi, kila ua na kila tundu la lile pazia likatokea lenyewe, hata pale panya alipotoboa! Mama alipita nyuma yangu, akainama, akauliza, "Mwanangu, hii umeichora au umeitoboa?" Nilimwambia nimeitoboa.

Kabla ya kulipia, jaribu. Kupandisha tekscha ya kawaida ya hadi pikseli 1024 kwa 1024 ni L$10, hela ya humo Second Life, yaani senti chache za dola ya Marekani, lakini ukikosea mara ishirini ni hela. Ndani ya Second Life kuna sehemu ya tekscha za kompyuta yako mwenyewe: unachagua faili, linavalika hapo hapo bila malipo, unaliona wewe peke yako. Nikirekebisha kwenye GIMP na kutoa upya kwa jina lile lile, nguo inabadilika mwilini mwa avata naiangalia. Ni sawasawa na kumpima mteja kwa pini kabla hujapitisha mashine.

Jambo jingine lililonigharimu ni kuchagua namna ya uwazi humo Second Life. Kuna ya kuchanganya, ambapo pikseli inaweza kuonyesha nusu nusu, na kuna ya kukata, ambapo unaweka kikomo kati ya 0 na 255, na pikseli ama ipo ama haipo. Mtandio mwepesi unahitaji ya kwanza. Lesi na matamvua nayaweka kwenye ya pili, kwa sababu vitu viwili vya kuchanganya vikikaa karibu, kompyuta inashindwa kujua kipi kiko mbele. Mteja wangu mmoja wa humo alilalamika kwamba avata wake akigeuka, nywele zinatokeza mbele ya mtandio. Alikuwa na haki. Nilipunguza sehemu inayoonyesha nusu nusu, nikabakiza pindo tu, na shuka lenyewe, ambalo halina mwanya popote katikati, nikalitoa bila chaneli ya alfa kabisa.

Ubaya wa GIMP kwa fundi wa huku ni kwamba haihifadhi kazi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Umeme ulikatika siku moja na betri yangu haina uhai, maski ya saa mbili ikaenda. Tangu hapo kila nikimaliza ua moja nabonyeza Ctrl na S.

Na ukubwa, tafadhali. Naona watu wanaweka 1024 hata kwenye kifungo cha shati. Tekscha ya 1024 kwa 1024 yenye alfa inakula MB 4 za kumbukumbu ya kadi ya picha, ya 512 kwa 512 inakula MB 1. Mwenye kompyuta kama yangu akiingia kwenye ukumbi wenye avata thelathini waliovaa hivyo, anaona watu wa kijivu dakika nzima. Lesi yangu ni 512, inajirudia mara nne kwenye sketi, na nimeipatanisha kingo kwa mkono ili maua yasikatike kwenye mshono. Ukisogea karibu kabisa utaona nyuzi zake.