Maswali ya zamani ya AP Government: yanamfaa nani, na yanapungukia wapi

Darasa la AP U.S. Government, kozi ya kiwango cha chuo kuhusu serikali ya Marekani inayosomwa sekondari, likiwa la kunakili slaidi tu, usikimbilie kitabu kinene cha dukani. Anza na maswali ya kuandika ya miaka iliyopita, ambayo College Board, shirika linalotunga mtihani huo, wenyewe wameyaweka bure mtandaoni. Kila swali lina mwongozo wa usahihishaji na majibu halisi ya watahiniwa, mazuri kwa mabovu, na maelezo ya kwa nini kila jibu limepata au limekosa alama. Hiki ndicho anachokosa mwanafunzi wa mwalimu mzembe: kuona jinsi msahihishaji anavyosoma.

Chukua swali la kulinganisha kesi za Mahakama ya Juu. Unapewa kesi usiyoijua, uilinganishe na moja ya zile za lazima kwenye mtaala, tuseme Engel v. Vitale ya 1962, kuhusu sala iliyotungwa na maofisa wa jimbo la New York kwa ajili ya shule za umma. Ukiulizwa kipengele cha katiba kinachoziunganisha, ukijibu "Marekebisho ya Kwanza" tu, alama imekwenda. Wanataka kile hasa kinachoikataza serikali kuanzisha dini. Wisconsin v. Yoder ya 1972 imo kwenye Marekebisho hayo hayo, ila yenyewe ni uhuru wa kuabudu. Kukariri majina ya kesi bila kujua kisa chake hakusaidii kitu hapa.

Insha ina alama 6, na hoja kuu inayorudia maneno ya swali haipati hata moja. Mbaya zaidi, bila hoja kuu ushahidi wako wote unaishia alama moja, hata ukiwa umeielewa Federalist Na. 10, makala ya James Madison iliyo kwenye mtaala, neno kwa neno.

Yatumie hivi: dakika 20 kwa kila swali fupi, 40 kwa insha, saa ikiwa mezani. Chapa kwenye kompyuta, maana tangu 2025 mtihani unafanyika kwenye Bluebook, programu ya mitihani ya College Board. Jisahihishe kwa mwongozo, kisha soma jibu bovu kabla ya lile zuri. Makosa yako utayakuta humo. Yaliyotangulia 2019 yana muundo mwingine, yaache.

Upungufu wa maswali haya ya zamani ni mkubwa upande wa maswali ya kuchagua: 55 kwa dakika 80, nusu nzima ya matokeo. Hazina ya maswali hayo ya kuchagua imo AP Classroom, tovuti ya College Board ya madarasa ya AP, na anayeifungua ni mwalimu. Mwombe akufungulie majaribio ya kila sehemu; hilo halimtaki afundishe chochote. Kwa maudhui yenyewe, Khan Academy, tovuti ya masomo, ni bure. Anzia mihimili ya dola, yaani Kongresi, rais, urasimu na mahakama, inayobeba asilimia 25 hadi 36 ya maswali hayo. Na usiache swali wazi, kwani jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.