Rivyu: kapikipiki ka binti yangu, gereji mbili za Mwanza na mzee wa majiko

Habari zenu wadau. Naandika hii nikiwa na hasira kidogo na furaha pia, kwaiyo nikichanganya mambo mnisamehe. Mi ni mama wa dagaa, ofisi yangu ni soko la Mwaloni Kirumba, na pikipiki nilikuwa nazijua kwa kupanda boda na kugombania bei tu basi. Ila nina binti wa miaka 10, na nina kaka yangu yuko Marekani kule Illinois ambaye watoto wake wanashindana mchezo unaitwa flati traki. Sasa mwanae mdogo kaota miguu mirefu, kale kapikipiki alikokuwa anachezea shambani kakawa hakamtoshi, kaka akakatupia kwenye kontena na magodoro na mafriji akasema kampe mpwa wangu. Honda CRF110F, ya kabureta, gia nne na haina mkono wa klachi.

Kwa ambao hamjawahi kuuona huo mchezo, ni uwanja wa udongo wenye umbo la yai, mnazunguka kushoto, kushoto tena, kushoto mpaka mwisho. Hamna matuta ya kuruka kama motocross. Utamu wote uko kwenye kona, tairi la nyuma linaserereka kwenda nje, mtoto anakunja usukani kulia wakati pikipiki inaelekea kushoto, na mguu wa kushoto unaburuzika chini umevaa kiatu cha chuma. Ukiona mara ya kwanza unasema huyu anadondoka. Nicky Hayden aliyechukua ubingwa wa dunia wa mbio za lami, MotoGP, 2006 alikulia kwenye udongo huohuo, Kenny Roberts bingwa wa 1978 vilevile, Marc Márquez na ubingwa wake wote bado anafanyia mazoezi humo. Binti yangu anawajua wote hao. Jedwali la saba linamshinda ila hao anawajua.

Sasa pikipiki ilivyokuja ilikuwa ya porini kabisa, tairi za kashata zile zenye meno makubwa, imesimama juu, shokapu laini ukikalia inazama kama godoro la sufi. Kaka akanitumia voisi ya dakika kumi na moja: ishushwe, iwekwe springi ngumu (alizituma humohumo kwenye kontena), breki ya mbele itolewe, tairi zibadilishwe, sproketi iongezwe jino, iwekwe kamba ya kuzimia injini inayofungwa mkononi mtoto akidondoka ijizime yenyewe, na kiatu.

Breki ya mbele nilibisha. Mtoto wa miaka 10 unamtolea breki? Kaka akanielewesha kwamba kwenye udongo unaoteleza, ukiwa umelala kwenye kona halafu ukakamata ya mbele, tairi la mbele linakukimbia na uko chini kabla hujasema mama. Kwenye mchezo huu wanatumia ya nyuma tu, ya mguu wa kulia, na uwanja mzima mnaenda upande mmoja hamna wa kukutana naye uso kwa uso. Sawa, nikakubali, ila usiku ule sikulala vizuri.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Ni hizi za kisasa, vijana wamevaa ovaroli zinazofanana, muziki mkubwa, wananiletea na soda. Nikamwekea bosi wao ile voisi, akasikiliza dakika mbili akasema mama, usiwe na wasi, hii kazi ndogo sana, njoo jioni. Laki moja na ishirini. Wala hakushika kalamu. Mi kwenye dagaa nikimwona mtu ananunua gunia bila kutia mkono ndani najua huyo atanisumbua, sijui kwa nini siku ile akili hiyo niliiacha Mwaloni.

Jioni nakuta maajabu. Springi ngumu za kaka ziko kwenye mfuko hazijaguswa, eti ni ngumu mno mtoto ataumia mgongo, badala yake wamechukua zile laini wakazikata na grenda ili pikipiki ishuke. Ni kweli imeshuka, ila ukiibonyeza inagonga chini gwa! Nyuma wamevalisha tairi la toyo. Toyo jamani, ile guta ya kubebea matofali! Inchi 12 ni kweli zinalingana, ila tairi asilia imeandikwa 80/100-12, yaani upana milimita 80, na hilo la toyo ni 4.50, piga hesabu inakuja kama milimita 114. Limejaa pale nyuma linakula cheni. Na cheni yenyewe wamenunua 428 ya boda wakati hako kanatumia 420, kwaiyo haikai kwenye meno, wakaniambia ikitembea itazoea.

Lakini kilichonitoa jasho ni gurudumu la mbele. Niliwaambia watoe breki, wakatoa breki kweli, wakabeba na lile sahani zima linalokaa ubavuni mwa gurudumu. Sasa mi sio fundi lakini nilishika tairi nikalitikisa likajibu klak klak klak. Kumbe hizi breki za ngoma, lile sahani halikai pale kwa ajili ya breki tu, ndo linajaza nafasi kati ya gurudumu na mguu wa shokapu. Ukiliondoa inabidi uweke bushi yenye unene uleule, vinginevyo gurudumu linacheza kwenye ekseli. Wao wamepanga washa tano, moja imepinda, nyingine naapa ilikuwa ya bomba la maji. Nikauliza hii itakaa? Kijana ananijibu "mama, tumebana sana." Na mtoto wangu ndo alikuwa apande hiyo!

Nilirudishiwa elfu hamsini baada ya kupiga kelele. Soda niliinywa.

Gereji ya pili nilielekezwa na boda mmoja anayenipeleka sokoni alfajiri. Iko upande wa Igoma, bango hamna, kuna mwembe, na jirani yake kuna mashine ya kukereza. Fundi ni baba wa makamo haongei sana. Nikaanza kumweleza akaniambia dada subiri, akainua kapikipiki juu ya kreti la bia, akalizungusha gurudumu la mbele akatazama, akatoa zile washa moja moja akazipanga chini kwenye gazeti kama mtu anapanga ushahidi mahakamani. Kisha akaomba ile voisi ya kaka. Dakika zote kumi na moja. Sehemu mbili alirudisha nyuma akasikiliza upya.

Lile sahani la breki bahati nzuri nilikuwa nimelibeba. Akalipima unene na kile kipimo cha chuma cha kubania, akapima na nafasi kwenye shokapu, akaandika kwenye kiganja, akavuka kwa jirani. Bushi ilirudi ya moto bado. Ilipoingia nikatikisa tairi kimya, nikatikisa tena kimya, nikamwambia binti yangu naye atikise. Elfu kumi na tano.

Shokapu za mbele akafungua zote mbili akatia springi za kaka, na ndani akaweka vibushi vifupi ili zisinyooke mpaka mwisho, mbele ikashuka kama sentimita mbili na nusu. Alinieleza kwamba mbele ikishuka hivyo usukani unakuwa mwepesi kuingia kona, na springi ikiwa ngumu pikipiki haipigi magoti mtoto akiachia mafuta. Nyuma akasema tusiguse kimo kwanza, tuone anavyoendesha. Hicho kitu nilikipenda, mtu anayejua kuacha.

Tairi ndo zilitusumbua. Za kashata hazifai kwa sababu mbili, kwanza zinachimba uwanja mkabaki na mashimo, pili zinashika ghafla katikati ya mserereko na kumrusha mtoto upande wa pili. Wakubwa wao wana tairi maalumu za inchi 19 mbele na nyuma, ila kwa kapikipiki ka 14 mbele na 12 nyuma ndo utafute ujanja. Kaka alisema wengine wanapunguza meno ya kashata kwa kisu cha moto. Fundi akasema skuta. Tukaagiza Kariakoo, zikapanda basi, elfu 95 na nauli yake, zenye upana unaokaribiana na wa zamani. Zimekaa vizuri, upepo tulianza 20 zikawa zinadunda, sasa tuko 15.

Sproketi ya mbele tuliongeza jino moja, ya zile pikipiki za zamani zisizo na klachi, elfu nane. Mchezo huu unatakiwa uzunguke uwanja mzima na gia moja bila kukanyaga kanyaga, na binti alikuwa gia ya tatu injini inalia kama mbuzi, ya nne inazubaa. Jino moja mbele ni kama kupunguza matatu nyuma hivi. Sasa anaweka ya tatu anasahau.

Ubaya wa huyu fundi ni ahadi. Aliniambia Jumamosi nikaichukua Jumatano ya wiki inayofuata, simu hapokei, ukienda unaambiwa ameenda msibani, na kamba ya kuzimia aliifunga kwa swichi iliyokuwa inashika mara moja moja mpaka nikarudi nayo. Kitu cha usalama hicho baba, hapo nilinuna kweli.

Sasa kiatu. Hiki ndo kimenifanya niandike.

Kaka alituma mabuti lakini kiatu cha chuma akasahau. Fundi wa Igoma akasema hiyo sio kazi yangu. Nikakumbuka mzee mmoja Mabatini aliyenitengenezea jiko la mkaa miaka sita iliyopita na mpaka leo linapika. Nikamwendea na buti la kushoto. Akaligeuza akaniuliza, "Mayu, mguu mmoja tu? Mwingine umeibiwa?" Nikacheka nikamwonyesha video. Akaangalia kimya, akaomba tena, akaweka kidole kwenye kioo cha simu pale mguu unapogusa udongo. Akasema hapo ndo patakapolika.

Akamwita binti avae buti, asimame, halafu ainame akae kama amepanda. Akachora unyayo kwa kipande cha mkaa juu ya bati nene. Alipokata hakuchomelea moja kwa moja, aligonga kidogo kidogo kulifuata soli, anavalisha, anavua, anagonga, mara tatu mtoto kaitwa kutoka kwenye mapera. Pua akaikunja juu kama pua ya mtumbwi, nikamuuliza kwa nini hata sijamwambia, akasema ikiwa bapa itajichimbia ardhini imvunje mguu. Chini pale alipoonyesha kwa kidole akachomelea kipande cha springi ya gari, chuma kigumu. Mkanda wa juu ni tyubu, nyuma kuna kikamba cha kisigino. Siku mbili, elfu ishirini. Nikampa ishirini na tano akanirudishia tano akasema wabeja mayu, yaani asante mama kwa Kisukuma, bei ni ileile.

Tumejaribu kwenye kiwanja cha shemeji njia ya Kisesa. Kuokota mawe peke yake kulitumaliza siku nzima, Mwanza hii hata kwenye kiwanja cha futi mbili jiwe halikosi. Tumefukia tairi chakavu nusu kuonyesha ndani ya duara, tumemwaga maji madumu arobaini, tukasubiri likauke kidogo likashikana. Mizunguko ya kwanza binti alikuwa kama anaenda dukani. Saa moja baadae pakaanza kutokea mstari mweusi uliogandamizwa na tairi, akaanza kuufuata, na kwenye kona ya pili nikasikia kile chuma srrrrr, nyuma imetoka, usukani umekunjwa kulia. Boda walikuwa wamesimama barabarani wanapiga kelele "kunja kushoto we mtoto utaanguka!" Hakuanguka. Alianguka baadae, akiwa anapunga mkono, injini ikajizima yenyewe, akainuka anacheka na mchanga mdomoni. Hapo nikamsamehe fundi kwa ile swichi.

Maksi zangu basi. Gereji ya kwanza mbili kwa kumi, zote mbili za soda. Igoma nane, angekuwa anapokea simu angepata tisa na nusu. Mzee wa majiko kumi, hana bango wala kadi, ukifika Mabatini fuata mlio wa nyundo. Jumla nimetumia kama laki tatu ukihesabu na hasara ya mwanzo, na usukani mpana bado sijapata, anatumia uleule.

Kiatu kimeanza kulika, palepale mzee alipoweka kidole. Jumamosi nampelekea aongeze chuma, na jiko langu nalibeba pia, wavu umetoboka.