Bodnant, Wales: bustani ya mteremkoni niliyompeleka mama

Nimempeleka mama Bodnant mwisho wa Mei na mpaka leo anaisimulia kwa kila anayempigia simu, kwa hiyo nikaona niandike kwa ajili ya wabongo mlioko huku Uingereza ambao wazazi wamekuja kuwatembelea na mmeshamaliza maduka yote na hamjui pa kuwapeleka.

Iko kaskazini ya Wales, kwenye mteremko juu ya mto Conwy, jina lenyewe kwa Kiwelshi ni makazi ya kando ya kijito. Tulitoka Northampton alfajiri, ni mwendo wa saa tatu na kitu hivi, na ukishaipita Chester milima inaanza kujitokeza upande wa kushoto, hapo mama ambaye toka afike alikuwa anasema nchi hii imelala kama sinia akakaa vizuri kwenye siti akasema haya, sasa tunafika kwa watu. Mama ni wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Mtu aliyezoea kona za Mombo kupanda Soni anaijua thamani ya mlima.

Mlangoni ni tiketi, ila ukiwa na kadi ya mwaka ya National Trust, shirika la hisani linalotunza bustani na majumba ya kale, unaingia bure, na kama mna mpango wa kuzunguka sehemu mbili tatu kadi inalipa kabisa. Wao ndo wanaimiliki bustani tangu 1949. Aliyeianzisha ni Henry Pochin, alinunua eneo 1874, halafu binti yake na wajukuu wakaendeleza, yaani ni kazi ya vizazi na unaiona, hakuna kitu kimepandwa kwa pupa.

Ukiingia unakuwa juu. Mbele yako mlima umechongwa ngazi kubwa tano zinazoshuka kuelekea mtoni, zilijengwa kati ya 1904 na 1914, na ng'ambo ya bonde ndo milima ya Eryri, ile wanayoiita Snowdonia kwa Kiingereza, imesimama. Mama akasimama pale kimya muda mrefu kisha akasema "mwanangu, haya si matuta haya, ila wao wamepanda mawaridi". Akaanza kukagua kuta, maji yanatokea wapi yakija mvua, udongo umeshikwaje, alivyokuwa anafanya shambani kwetu. Mimi hizo ngazi nilishaziona kwenye picha mara nyingi lakini kuzipitia na mtu aliyelima mlimani maisha yake yote ni kitu kingine kabisa, alinionyesha vitu nisingeviona.

Sasa njia ya miti ya laburnamu. Hiki ndo watu wengi wanakifuata na wana haki. Ni tao lenye urefu wa mita 55, limekuwepo tangu 1880, na maua ya njano yananing'inia kama vichane mpaka yanakugusa kichwani, mwanga wote humo ndani unakuwa wa njano, nguo njano, uso wa mama njano. Kila majira ya baridi watunza bustani wanayapunguza matawi na kuyafunga upya moja moja ndo maana yanashuka sawasawa vile. Lakini angalieni tarehe, yanachanua mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Juni tu, ukienda Aprili utakuta magnolia na azalea lakini tao litakuwa majani. Na kama una watoto wadogo washike mkono, laburnamu ina sumu, hasa mbegu zake.

Kutoka hapo unashuka bondeni, kuna kijito kinaitwa Hiraethlyn na miti mirefu ya Marekani ile ya redwood, ukiinua kichwa shingo inauma. Dhoruba ya Arwen ya Novemba 2021 iliangusha miti mingi sana hapa na bado inauma kufikiria mti wa zaidi ya miaka mia kuanguka usiku mmoja. Njia za huku chini ni za mteremko mkali, mama ana goti, kwa hiyo tulienda taratibu tukipumzika kila penye benchi. Ushauri wangu shukeni bondeni mapema miguu ikiwa na nguvu, msiache mwisho kama sisi, maana kupanda kurudi ndo shughuli.

Kilichonigusa zaidi ni rododendro, vile vichaka vya maua makubwa. Yamejaa mteremko mzima, mekundu, meupe, ya zambarau, na mengi mbegu zake zilitoka China na Himalaya, maana mwenye bustani alikuwa anawafadhili wasafiri kama George Forrest na Frank Kingdon-Ward wakaziokote milimani huko. Nikamkumbusha mama kwamba na sisi ua letu limeondoka hivyohivyo. Kile kiua cha zambarau cha kwenye miamba ya Usambara, 1892 mkuu wa wilaya Mjerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao Ujerumani, wakakipa jina lake, Saintpaulia, na leo kipo dirishani kwa mabibi wa Ulaya yote. Mama akaniuliza wanajua kilikotoka? Sikuwa na jibu, lakini swali hilo lilitembea na mimi mchana wote.

Mwisho kitalu, kipo nje karibu na lango. Hapa nisikilizeni vizuri kama mnapenda kupanda. Miaka miwili nyuma nilinunua rododendro kwenye duka moja kubwa la karibu na kwangu, hakuna aliyenieleza chochote, likageuka njano majani yote likafa na mimi nikadhani nina mkono mbaya. Hapa dada aliyekuwa pale kabla hajaniuzia aliniuliza udongo wa kwangu ukoje na maji ya bomba yakoje. Nikamwambia birika letu linashika ukoko mweupe kila wiki. Akasema basi ndo hiyo, mmea huu unataka udongo wenye tindikali na maji yale yana chokaa, panda kwenye chungu kwa mboji yake maalumu na umwagilie maji ya mvua. Dakika tano tu! Na tofauti kubwa ni kwamba umetoka kuyaona yenyewe mlimani yakiwa makubwa, kwa hiyo unajua unanunua kitu kitakachofika wapi, huchagui kwa picha ya kwenye lebo.

Tukachukua mche mmoja mdogo, mwekundu, mama ndo alichagua, alipita miche yote akigeuza majani kuangalia chini kama kuna wadudu. Njia nzima ameupakata miguuni, nikimwambia tuuweke buti anasema utaanguka kwenye kona.

Sasahivi uko nyuma ya nyumba kwenye chungu. Mama ameweka ndoo mbili chini ya mfereji wa bati la banda na amekataza mtu yeyote kugusa yale maji, hata ya kuoshea viatu.