Nunua albamu ya Ella and Louis kwanza, lakini soma nyuma ya jalada kabla hujalipa

Wasomaji kadhaa wameniletea lalamiko moja. Wamenunua albamu ya Frank Sinatra au ya Chet Baker, jina ndilo, picha ndiyo, wameiweka, na mwimbaji anasikika kwa mbali, amejaa mwangwi, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Mmoja alifikiri spika zake zimekufa. Mwingine, dada wa Mombasa, ameshakata shauri kwamba jazi ya zamani ndivyo ilivyo, na wanaoisifu wanajikweza tu. Hilo limeniuma. Rekodi zilizofanywa Hollywood na New York katika miaka ya 1950 zina usafi ambao studio nyingi za leo zingejivunia. Kilichomfikia dada huyu kiliharibiwa baadaye, mezani kwa kampuni zilizoziuza.

Kwa hiyo sitapoteza muda kubishana nani ana sauti tamu zaidi. Ella Fitzgerald, Sarah Vaughan na Billie Holiday hawahitaji wakili. Wala sitawaambia mchague nyimbo, kwa sababu zilipendwa hizi za watunzi Cole Porter, Gershwin na wenzao zimeimbwa na kila mtu, na utazikuta kwenye karibu kila albamu. Ninachotaka ukiangalie ni kitu ambacho karibu hakuna anayekiangalia: ulichoshika mkononi ni mono halisi, stereo halisi, au stereo bandia?

Santuri za stereo, zenye sauti tofauti kwenye spika ya kushoto na ya kulia, ziliingia madukani Marekani kwa wingi mwaka 1958. Kabla ya hapo karibu kila kitu kiliuzwa kwa mono, sauti ileile moja kwenye spika zote. Wateja walipoanza kudai stereo, kampuni zilijikuta na maghala ya rekodi bora ambazo ghafla zilionekana zimepitwa na wakati. Basi wakachukua mono, wakapeleka sauti nzito upande mmoja na nyembamba upande wa pili, wakachelewesha upande mmoja kidogo mno, na mara nyingine wakamwagia mwangwi juu yake. Hiyo ndiyo stereo bandia. Kampuni ya Capitol waliibatiza kazi hiyo Duophonic, kuanzia mwaka 1961. Wengine waliandika nyuma ya jalada maneno yanayoanza na “Electronically”. Ukiona lolote kati ya hayo mawili, irudishe santuri rafuni.

Kwetu madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu wengi tunasikilizia spika moja ya bluetooth au simu. Zile pande mbili zilizotenganishwa kwa hila zikirudi kukutana kwenye spika moja, zinagongana na kufutana. Sauti ya mwimbaji inakonda, besi inapwaya. Na usidhani ni ugonjwa wa santuri kuukuu peke yake. Nimeikuta stereo bandia kwenye CD zenye jalada jipya linalong'aa na kwenye faili za kupakua.

Mfano unaonikera kuliko yote ni Chet Baker Sings. Ilitoka mwaka 1954 kwa mono, Baker akiimba taratibu karibu kabisa na maikrofoni, Russ Freeman akimsindikiza kwa piano. Miaka ya 1960 wakaitoa tena kwa stereo bandia, na kana kwamba hiyo haitoshi, wakapachika juu yake gitaa la Joe Pass, ambaye siku ya kurekodi hakuwapo studio. Pass ni mpiga gitaa mkubwa na simlaumu. Lakini uzuri wote wa albamu ile ni uwazi wake, nafasi iliyobaki kati ya sauti na piano, na nafasi hiyo wakaijaza. Ukinunua Chet Baker Sings, nunua iliyoandikwa mono.

Kanuni ninayoitumia dukani ni ya mwaka. Tafuta mwaka wa kurekodiwa, usiridhike na mwaka wa kutolewa upya. Kabla ya 1955, neno stereo kwenye jalada ni sababu ya kuondoka. Kati ya 1955 na 1958, uliza. Baada ya hapo unaweza kupumua.

Sasa nizipange.

Ya kwanza ni Ella and Louis, na hakuna inayoikaribia. Ilirekodiwa Hollywood mwezi Agosti 1956: Ella Fitzgerald, Louis Armstrong, na nyuma yao Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye dramu. Nyimbo 11, hakuna okestra, hakuna haraka. Ella anaimba kwa usafi wa maji ya kisima, Armstrong anaingia na ile sauti yake yenye changarawe, halafu anainua tarumbeta na kumpisha. Msikilize Ella kwenye “Moonlight in Vermont”, wimbo ambao mashairi yake hayana vina hata kidogo, uone jinsi anavyoubeba kwa pumzi tu. Ni mono, na mono yake imejaa. Kwenye spika moja ndogo inasikika vilevile ilivyokusudiwa, na kwa msikilizaji wa huku hiyo ni faida ambayo hakuna albamu ya bei ghali itakayokupa.

Natangaza wazi kwamba mimi ni mtu wa Verve. Norman Granz aliianzisha kampuni hiyo mwaka 1956 akimlenga Ella, maana Granz ndiye aliyekuwa meneja wa Ella, na unalisikia hilo kwenye kila rekodi: mwimbaji yuko mbele, vyombo vinamheshimu. Leo Verve iko chini ya Universal, na mwaka 2020 walianzisha mfululizo wa santuri uitwao Acoustic Sounds, unaotengenezwa kutokana na tepu za asili na kuchapwa Salina, jimbo la Kansas. Nikiona jina la mfululizo huo kwenye jalada, siulizi swali la pili.

Ya pili pia ni ya Verve: Ella Fitzgerald Sings the Cole Porter Song Book, ya 1956, iliyopangwa na Buddy Bregman. Ina nyimbo 32 katika santuri mbili, na kama unataka kuzijua zilipendwa zenyewe, hii ndiyo shule. Ella anauimba kila wimbo ulivyoandikwa, bila kuupindapinda, kisha ukiwasikia wengine wakiucheza unajua wameongeza nini. Baada yake alirekodi vitabu vingine vya namna hiyo, yaani albamu za nyimbo za watunzi Rodgers na Hart, Ellington, Berlin, Gershwin, Arlen, Kern na Mercer. Cha Gershwin, cha mwaka 1959 na okestra ya Nelson Riddle, kilitoka kikiwa na santuri tano na wengi hukisifu kuliko vyote. Ni kizuri kweli, lakini usianze nacho. Ni kingi mno kwa mtu anayejifunza, na bei ya boksi zima itakunyima albamu nyingine.

Nafasi ya tatu naipa In the Wee Small Hours ya Sinatra, 1955, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka. Nyimbo 16 za upweke, Nelson Riddle akiwa amepanga vyombo kwa mkono mwepesi sana, Sinatra akiimba wakati yeye na mkewe, mwigizaji Ava Gardner, wameshatengana. Ilirekodiwa kwa mono na inataka kusikilizwa kwa mono. Lakini Capitol waliipitisha kwenye Duophonic, na santuri hizo zimezagaa katika maduka ya mitumba Ulaya na Marekani, ndizo zinazofungwa kwenye maboksi na kutufikia huku. Ukishindwa kupata mono yake, usijilazimishe. Chukua Frank Sinatra Sings for Only the Lonely ya mwaka 1958: huzuni ileile, Riddle yuleyule, na stereo ya kweli, maana Sinatra alianza kurekodi albamu kwa stereo mwaka 1957.

Ya nne, albamu ya Sarah Vaughan aliyoimba na mpiga tarumbeta Clifford Brown, iliyorekodiwa Desemba 1954 kwa lebo ya EmArcy. Matoleo ya zamani yanaitwa Sarah Vaughan tu, kwa hiyo angalia jina la Brown kwenye orodha ya wanamuziki. Brown alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1956 akiwa na miaka 25, na kila nikisikia anavyomjibu Sarah kwenye “April in Paris” naona tulivyopunjwa. Mono, bila shaka.

John Coltrane and Johnny Hartman, ya mpiga saksafoni Coltrane na mwimbaji Hartman, iliyorekodiwa Machi 1963 kwa lebo ya Impulse!, ni stereo halisi na ni nzuri kupita kiasi. Naiweka ya tano kwa sababu moja tu: nyimbo sita, takribani dakika 31, na wauzaji wanaitoza bei ya juu kuliko albamu zenye nyimbo mara mbili yake.

Billie Holiday, Lady in Satin, 1958. Usiifanye ya kwanza. Sauti yake ilikuwa imechoka, alifariki Julai mwaka uliofuata akiwa na miaka 44, na ukiisikia kabla hujaijua sauti yake ya ujana utamhukumu vibaya. Hii ilitoka kwa mono na kwa stereo ya kweli, zote halali, ila santuri ya stereo ya mwanzo haikuwa na “The End of a Love Affair”. Wimbo huo ulikuwa kwenye mono peke yake. CD za baadaye zimeurudisha.

Wapenzi wa Nat King Cole, chukueni After Midnight ya 1957. Mkikutana na The Nat King Cole Story ya mwaka 1961, jueni kwamba ni nyimbo zake za zamani alizoziimba upya kwa stereo. Siyo bandia, kazi ni safi, lakini siyo zile rekodi alizovuma nazo.

Mikusanyiko ya bei ya chini, “nyimbo 100 bora” na ndugu zake: nyingi hutoka Ulaya, ambako rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazina tena ulinzi wa haki za kurekodi, hivyo yeyote anaweza kunakili na kuuza. Hazisemi mwaka, hazisemi nani anapiga piano. Ziacheni.

Nimalizie na wauzaji, maana nina donge. Santuri mpya ya Acoustic Sounds ni karibu dola 40 kabla haijapanda ndege, na nauli ya kuileta Dar es Salaam inaweza kufikia bei ya santuri yenyewe, kisha ushuru na VAT vinakusubiri. Mtu anayelipa pesa hizo ana haki ya kujua ananunua nini. Lakini fungua matangazo ya wauzaji wa mitandaoni uone: picha ya mbele peke yake, neno “orijino” juu ya santuri iliyochapwa juzi, na ukiomba picha ya nyuma unajibiwa kwamba wateja wengine wanasubiri. Muuzaji mmoja aliniuliza mono na stereo zina tofauti gani, huku bei yake imeshapandishwa kwa kuandikwa stereo. Picha ya nyuma ya jalada haigharimu hata shilingi. Asiyeitoa, msimtumie pesa. Na kwa mnaonunua faili, teremkeni hadi chini ya orodha ya nyimbo, kwenye mstari wa mwaka na mwenye haki. Mkiona jina la Verve, UMG (yaani Universal) au Capitol, endeleeni. Mkiona jina la kampuni ambayo hamjawahi kuisikia, albamu hiyohiyo iko mahali pengine, mara nyingi kwa bei ileile.